Ramani na Amana

Kuna elimu ambayo mtu huipata bila dhara lolote, na kuna elimu ambayo ikishapatikana humdai mwenyewe aeleze atafanya nini nayo. Elimu ya mahali ni ya namna ya pili. Ajuaye majina ya nyota hana la kumdhuru jirani yake. Lakini ajuaye nyumba ya jirani, njia ya kuifikia, na saa ambayo wenyewe hawapo, ameshika uwezo mkononi, ama wa kusaidia ama wa kudhuru. Zamani elimu hiyo ilikaa vichwani mwa wenyeji. Mgeni aliyefika Kigera ya Musoma, au aliyeshuka Kiabakari akiutafuta ukoo fulani, hakuwa na budi kuuliza. Na aliyeulizwa alipata nafasi ya kumtazama mgeni usoni kabla ya kumjibu. Leo ramani ya intaneti hujibu pasipo kutazama uso wa mtu. Badiliko hilo ni dogo kwa sura, walakini ni kubwa kwa maana, na Mkoa wa Mara ni mahali pema pa kulipima, kwa sababu huko ramani imetumika katika jambo linalogusa miili na uhai wa watoto.

Sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 kuhusu makosa ya kujamiiana ilimfanya mkosaji yeyote amkeketaye msichana asiyetimiza miaka 18. Desturi haikukoma kwa kuandikwa sheria. Utafiti wa afya uliofanywa nchini mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa Mara wenye umri kati ya miaka 15 na 49, 32 walikuwa wamekeketwa, ilhali kwa nchi nzima walikuwa 10. Inapokaribia Desemba, shule zikiwa zimefungwa, wako wasichana ambao hukimbia makwao usiku. Rhobi Samwelly, ambaye mwenyewe alikeketwa utotoni, aliongoza nyumba salama ya Mugumu, na mwaka 2017 akaanzisha shirika la Hope, lenye nyumba za kuwapokea wasichana hao Butiama na Serengeti.

Ugumu wa kazi ile haukuwa ushujaa peke yake. Simu hupigwa usiku, msichana hutaja jina la kitongoji, gari hutoka, kisha dereva na polisi hufika njia panda wasijue pa kugeukia. Vijiji vingi havikuwa katika ramani yoyote ambayo mtu angeweza kuifungua. Mwaka 2015 Janet Chapman, Mwingereza, alianzisha mradi uitwao Crowd2Map, ambao hutumia OpenStreetMap, ramani ya wote iliyoanza Uingereza mwaka 2004 na ambayo mtu yeyote aweza kuiongeza au kuisahihisha. Watu walio mbali, wengine hawajakanyaga Afrika kamwe, huketi mbele ya picha zilizopigwa na setilaiti wakafuatisha barabara na mapaa ya nyumba. Lakini paa lionekanalo kutoka juu halina jina. Huhitajika mwenyeji mwenye simu ya kisasa aseme kwamba hili ni zahanati, hii ni shule, na kitongoji hiki huitwa hivi na si vile. Hivyo ramani hupata mwili kutoka mbali na roho kutoka karibu.

Hapana shaka kazi hiyo ni njema. Atakayeikataa amweleze kwanza msichana aliyejificha katika mtama kwa nini gari lilipotea. Swali la maadili haliko hapo. Liko katika kitu cha pili ambacho ramani za namna hii huweza kufanya, nacho ni kuchanganya.

Ramani ya intaneti aghalabu ni mseto. Mpishi wa mseto hutia mchele na choroko katika chungu kimoja. Kila punje yaonekana bado, ila chakula kimekuwa kingine. Kadhalika katika ramani: chini hutandazwa barabara na mito, juu yake huwekwa shule, juu ya shule huwekwa habari zilizotumwa kwa simu, kila moja na tarehe yake na nukta yake. Hakuna tabaka moja kati ya hayo lenye ubaya. Habari isemayo kwamba wiki fulani mtu fulani alitoa taarifa ya ukeketaji, bila jina lake, yaonekana imefichwa vya kutosha. Orodha ya watu waliopewa simu na mafunzo ya kutoa taarifa haina siri, maana kijiji kizima kiliwaona wakipewa. Weka mambo hayo mawili juu ya kitongoji chenye kaya chache, na yule asiyetajwa ametajwa. Jina lilifutwa, lakini mahali palibaki, na mashambani mahali ni jina la pili la mtu.

Madhali mambo ni hayo, njia ya Hope ya kuwaweka wanakijiji waliofunzwa, ambao taarifa zao za hatari huenda kwa shirika lenyewe, nalo likashirikiana na polisi, ni jambo la maadili kabla ya kuwa jambo la ufundi. Ramani ya barabara ni ya wote. Taarifa ya msichana si ya wote. Chombo kimoja chaweza kuvibeba vyote viwili, na urahisi huo ndio mtego wake, kwa kuwa fundi hufurahia kuona vitu vikikutana, na furaha ya fundi haiulizi ruhusa.

Yumkini mtu atapinga kwa kusema kwamba siri ndiyo iliyoulea uovu huu, na kwamba dawa ya siri ni mwanga. Hoja hiyo haidharauliki. Kenya ilitoa mfano wake Januari 2008, machafuko yalipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Ory Okolloh na wenzake wachache walitengeneza kwa siku chache tu programu waliyoiita Ushahidi, jina la Kiswahili ambalo sasa limezunguka dunia. Watu walituma habari za mauaji, moto na uporaji, nazo zikawekwa kama alama juu ya ramani. Ukimya ule ulihitaji kuvunjwa. Mwaka uliofuata vijana wa Kibera, Nairobi, walianza kuichora mitaa yao wenyewe, kwa maana ramani zilizokuwa wazi kwa watu ziliacha pengo mahali walipoishi maelfu kwa maelfu. Pengo katika ramani huwa pengo katika bajeti; bomba la maji halipelekwi pasipokuwapo. Basi kutochora nako ni tendo, na aliyeliacha pengo hawezi kunawa mikono.

Walakini mfano wa moto haulingani sawasawa na mfano wa msichana. Nyumba inayoungua imekwisha kuonekana na jirani; alama juu ya ramani haiongezi hatari yake. Msichana aliyekimbia bado hajulikani alipo kwa wale wamtafutao, na alama ile ile yaweza kuwa kwao taa. Tena desturi ikifichuliwa mahali pamoja imejulikana kuhama: huvuka hata mpaka, ndiyo sababu sheria ya Kenya ya mwaka 2011 ikamkataza mtu kumvusha msichana kwa ajili ya kukeketwa. Mwanga unaomulika kila upande humwonyesha mwindaji pia.

Lipo pingamizi jingine, la mzee wa kijijini, nalo husikilizwa mara chache kwa kuwa hudhaniwa kwamba anaitetea desturi. Huenda anaitetea, huenda sivyo. Asema kwamba wageni hawakuwahi kuja kuchora kisima chake wala daraja lililovunjika, bali wamekuja siku walipopata aibu ya kuichora. Kumbukumbu ya nchi ile humpa nguvu. Mwaka 1858 Speke aliliona ziwa ambalo watu wa pwani zake walilivua samaki tangu vizazi, akalipa jina la malkia wake, na jina hilo lingali katika ramani mpaka leo. Katika miaka ya 1970 vijiji vilihamishwa kwa amri, na mipango ilichorwa na watu ambao hawakulala humo. Mtu aliyechorwa na wengine mara mbili ana haki ya kuuliza habari za mara ya tatu. Na hesabu ile ile ya 32 katika 100 yasema kwamba 68 hawakukeketwa. Ramani ionyeshayo majeraha peke yake inasema uongo kwa kutumia ukweli. Kwa hiyo utaratibu wa kuanza na barabara, shule na maji, ukayachelewesha mambo mengine, una adabu ndani yake, hata kama aliyeupanga aliufikiria kwa sababu za kazi tu.

Hata kuficha kwenyewe kuna vipimo vyake, na hapa mwanafunzi wa maadili lazima ajifunze hesabu kidogo. Mahali katika ramani huandikwa kwa tarakimu za latitudo na longitudo. Musoma, mathalan, iko digrii 1 na nusu kusini mwa ikweta. Ukiandika tarakimu 4 baada ya nukta ya desimali, umeonyesha mahali kwa upana wa mita 11 hivi, yaani mlango wa nyumba. Zikiwa 3, upana ni kama mita 110, yaani mji mmoja na shamba lake. Zikiwa 2, ni kilomita moja na zaidi kidogo. Mtu aketiye mjini, ambako kilomita moja ina maelfu ya watu, huona kwamba tarakimu 2 zatosha kumficha yeyote. Katika sehemu za Serengeti ambako miji ya watu imetawanyika, kilomita hiyo yaweza kuwa na ukoo mmoja. Kipimo cha heshima hakiwezi basi kuwekwa mara moja kwa nchi nzima. Hupimwa kwa wingi wa majirani.

Limebaki suala la ridhaa, ambalo ni gumu kuliko yote. Msichana wa miaka 12 anayepiga simu usiku huridhia kila aulizwalo, maana anataka gari. Ridhaa hiyo yatosha kwa safari ya usiku ule. Je, yatosha kwa alama itakayokaa miaka 20? Wako wasichana wanaorudi kwao baada ya wazazi kutia ahadi ya maandishi, wakasoma, wakaolewa, wakawa majirani miongoni mwa majirani. Ramani ya wote ina sifa moja ambayo wengi hawaifahamu: huhifadhi historia ya kila badiliko. Kilichowekwa leo na kufutwa kesho hakionekani juu, lakini atafutaye chini hukikuta, pamoja na siku na saa kilipowekwa.