Uaminifu wa Mpimaji

Je, mtu ana wajibu gani wa kusema kweli juu ya jambo ambalo hakuna mtu wa zama zake awezaye kumsahihisha? Swali hili hunijia kila nifundishapo habari za nyota.

Dunia huzunguka mfano wa pia, na kama pia, mhimili wake huyumba pole pole, kwa kuwa Mwezi na Jua huuvuta uvimbe ulioko kiunoni mwake, pale penye Ikweta. Duru moja ya kuyumba huko huchukua karibu miaka 26,000. Kwa sababu hiyo, mahali lilipo Jua siku ya Machi ambapo usiku na mchana hulingana hapatulii. Hurudi nyuma kati ya nyota digrii 1 kwa kila miaka 72 hivi. Hapo kale palikuwa katika buruji ya Hamali, yaani Kondoo. Leo pamo katika Hutu, yaani Samaki, na baadaye pataingia Dalu. (Watabiri wa magazetini wangali wakianzia Hamali, wala wasomaji wao hawalalamiki.)

Digrii 1 ni umri mzima wa mtu. Hipparchus alilitambua jambo hili katika karne ya 2 K.K., si kwa ukali wa macho yake tu, bali kwa kuwa yapata miaka 150 kabla yake Timocharis wa Iskandaria alikuwa amepima na kuandika. Nyota iitwayo Spica ilikuwa karibu digrii 8 kutoka mahali pa usawa wa Septemba. Hipparchus aliikuta karibu digrii 6. Siri yote ilikuwa kati ya namba hizo mbili.

Timocharis hakujua kwamba anampimia nani. Lau angalikisia tu, jioni moja ya uchovu, nani angalimshitaki? Mdhulumiwa alikuwa hajazaliwa. Kosa la mkono si kitu kikubwa: Ptolemy alishika digrii 1 kwa miaka 100, al-Battani, aliyefariki mwaka 929, akasema miaka 66, na kweli ikazidi kukaribiwa. Lakini namba iliyopikwa ili ilingane na kitabu humpoteza ajaye, naye hana njia ya kujua.

Mwaka mmoja niliwatuma wanafunzi wangu, hapa Uganda karibu na Ikweta, wapime kivuli cha kijiti cha mita 1 saa sita kamili ya mchana, tarehe 21 Machi. Karibu wote waliandika kwamba hapakuwa na kivuli, kama nilivyowafundisha. Mmoja aliandika sentimita 25, nami nikamnyima alama. Siku kadhaa zikapita kabla sijakumbuka kwamba saa zetu zimewekwa kwa longitudo ya 45, iliyo mbali mashariki, hata Jua la Machi hufika utosini kwetu ikikaribia saa saba. Nilimrudishia alama zake mbele ya darasa. Wale wengine sikuwaadhibu. Nilikosa maneno ya kuanzia.