Kukaa na Kuishi

Waingereza wana kitenzi "dwell", maana yake kukaa mahali. Hicho hicho hutumika kwa mtu akaaye na wazo moyoni muda mrefu. Nikikisikia humkumbuka bibi yangu wa Singida. Novemba 1973 serikali ilitamka kwamba kuishi vijijini ni amri, na mwaka 1974 alihamishiwa kijiji kipya. Huko alipata kisima, nacho kilikuwa kheri. Hata hivyo, kila masika alirudi kwenye mahame yake kupalilia makaburi ya wazazi.

Siku moja nilimwuliza anaishi wapi. "Hapa nakaa, mjukuu wangu," alijibu, akanyamaza.

Ndugu msomaji, amri yaweza kumkalisha mtu mahali. Je, yaweza kumwamuru aishi hapo?