KUMFUNDISHA MTOTO SI KUMTUMIKISHA

Tukimwuliza mzazi wa Sumbawanga, wa Laela au wa Matai, "Ni nani awafundishaye watoto wako?" yaelekea atatujibu upesi, "Mwalimu." Wala hatujibu hivyo kwa uvivu. Sare na madaftari amevinunua kwa jasho lake. Alfajiri, baridi ya Ufipa ikiwa bado kali, huwaamsha watoto. Jioni huwauliza kama wamefika darasani. Basi huona moyoni kwamba ametimiza wajibu wake.

Twamsifu mzazi huyo. Lakini leo twapenda kuwauliza wasomaji wetu maswali mawili. Je, aliyempeleka mtoto shuleni amekwisha kumaliza kazi ya kumfundisha? Na kama hajaimaliza, afundishe nini nyumbani, na kwa njia gani, asije akamdhulumu mtoto kwa jina la mafundisho?

Swali la kwanza Kanisa limekwisha kulijibu. Papa Pius XI aliandika juu ya jambo hili mwaka 1929. Nao Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, ulikumbusha kwamba wazazi, kwa kuwa ndio waliowapa watoto uhai, ndio walezi wao wa kwanza na walio wakuu. Shule ni msaidizi mwenye heshima kubwa. Walakini msaidizi hamwondolei mwenye kazi kazi yake.

Hapo wako watakaosema, "Kama ni hivyo, kwa nini watoto wasikae nyumbani kabisa, wafundishwe na baba na mama?" Twajua kwamba Marekani sheria huwaruhusu wazazi kufanya hivyo, na wengi hufanya; Ujerumani sheria hukataza. Kwetu sisi, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 yamtaka mzazi amwandikishe mtoto shuleni na kuhakikisha kwamba anahudhuria. Nasi twaona ni vyema, wala si kwa hofu ya sheria tu. Tuseme kweli: katika nchi yetu ya Ufipa mtoto anayezuiwa nyumbani mara nyingi hazuiliwi kwa ajili ya kitabu, bali kwa ajili ya ng'ombe. Kwa hiyo hatusemi juu ya nyumba inayoifunga shule mlango. Twasema juu ya nyumba ambayo nayo ni shule.

Shule hiyo yaweza kuwaje? Tuchukue mfano wa nyumba yenye watoto wanne, mkubwa akiwa na miaka 10 na mdogo miaka 4. Baba na mama wanapatana kwamba kila Jumamosi, kwa saa moja au mbili, watawafundisha jambo moja tu, tena kwa mikono. Hawahitaji ubao wala fedha.

Juma la kwanza, wakati mvua zimekwisha kulainisha ardhi, somo ni tuta. Wazee wa Ufipa walijua kukusanya nyasi, kuzifunika kwa udongo na kuziacha zioze ndani ya matuta makubwa ya duara waliyoyaita ntumba. Juu yake walipanda maharage. Msimu uliofuata waliyatawanya matuta hayo, wakasia ulezi. Basi kila mtoto na apewe tuta lake dogo. Baada ya majuma kadhaa walifukue kidogo, waone jinsi nyasi zinavyogeuka kuwa udongo mweusi. Yule wa miaka 4 atajua kwamba kinachooza hulisha. Yule wa miaka 10 ataweza kuuliza kwa nini babu hakununua mbolea.

Juma lingine somo ni debe. Watoto wapime mahindi, debe kwa debe, mpaka gunia lijae. Wahesabu, waandike, kisha wakaone mizani. Mkubwa aelezwe juu ya rumbesa, yaani gunia linaloshindiliwa na kuongezwa juu mpaka lipite kipimo, huku mkulima akilipwa bei ya gunia moja. Aone mwenyewe ni madebe mangapi yaliyopotea. Hapo atakuwa amejifunza hesabu na amri ya saba siku moja, wala hatazisahau.

Juma jingine tena, penye mabaki ya matanuru ya kale, somo liwe safari ya miguu. Watoto wauguse ukuta wa lungu, waokote takataka za chuma zilizo chini yake. Waambiwe kwamba tanuru hizo za udongo zilisimama mita 3 hata zaidi, tena ziliyeyusha mawe ya chuma kwa upepo ulioingia wenyewe katika matundu ya chini, bila mivukuto. Mivukuto ilitumika baadaye, katika tanuru ndogo ya kusafishia. Padre Wyckaert, mmisionari wa Afrika, aliandika habari za wahunzi hao mwaka 1914. Mtoto aliyeugusa ukuta ule hatakubali kudanganywa kwamba elimu ilifika Ufipa ndani ya sanduku la mgeni.

Sasa twafikia swali la pili, nalo ndilo zito zaidi. Tuta lile lile na debe lile lile laweza kuwa somo, na laweza kuwa utumwa mdogo wa nyumbani. Mbona mtoto anayeamia ndege shambani tangu alfajiri hadi jua kuchwa ashika kazi kwa mikono yake, nasi hatusemi kwamba anafundishwa? Mbona msichana aliyebeba mdogo wake mgongoni, wakati mwalimu analiita jina lake darasani wala hapati jibu, hatusemi kwamba yuko katika somo la ulezi?

Hatari hii si ngeni. Mwezi wa Machi 1967 Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alifundisha katika shule za Kanisa za Tabora na Pugu, alitoa maandishi yake ya Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shamba la shule liwe mahali pa kujifunza: wanafunzi washiriki katika kupanga kazi, na waone faida yake. Shauri lilikuwa jema. Lakini watu wazima wengi waliosoma miaka ile watasema kwamba mahali pengi shamba liligeuka kuwa jembe tupu, pengine adhabu ya wachelewaji. Ikiwa walimu waliofundishwa kazi yao waliteleza hapo, sisi wazazi tutajidhanije kuwa salama?

Mzee mmoja aweza kutujibu kwa haki: "Sisi tulijifunza kwa kufanya kazi na baba zetu. Hakuna aliyetupangia masomo. Na mtu maskini atafanyaje bila mikono ya wanawe?" Hatumpingi. Kazi si uovu, wala mtoto asiyejua kazi hajapata bahati. Hata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haikatazi kazi nyepesi. Yakataza mtoto kuajiriwa kabla ya miaka 14, na yataka kazi nyepesi isimdhuru wala isimzuie kuhudhuria shule. Tena twakiri kwamba katika nyumba ya kweli kazi na somo huchanganyika, na si rahisi kuchora mstari kati yake.

Hata hivyo kipimo kipo, na kila mzazi aweza kukishika. Na ajiulize: katika kazi hii, nani anayepata hasara? Mtu anayemtumikisha mtoto hupata faida papo hapo: ng'ombe wamechungwa, maji yamefika. Mtu anayemfundisha hupata hasara kwanza. Tuta ambalo angelimaliza kwa dakika chache, mtoto analimaliza kwa saa nzima, tena limepinda. Naye baba hulivumilia hivyo hivyo, asilinyoshe usiku kwa siri. Mahindi yanamwagika chini ya debe, na mama hakemei, bali huyazoa pamoja na mtoto. Saa ile waliyoipoteza ndiyo karo ya shule ya nyumbani, nayo hailipwi na mwingine ila mzazi mwenyewe.

Kutoka kipimo hicho hutoka vingine viwili. Je, mtoto aruhusiwa kuuliza kwa nini? Mtumishi huambiwa "fanya". Mwanafunzi huambiwa na sababu. Na je, somo hili wanapewa wote? Ikiwa kila Jumamosi mvulana anapelekwa kuona tanuru na msichana anabaki kuosha vyungu, basi mmoja anafundishwa na mwingine anatumikishwa, ingawa wote wawili walikula ugali wa sufuria moja.

Twajua pia mzazi anayesikitika akisema, "Mimi sikusoma, nitafundisha nini?" Tumjibu hivi: wewe wajua udongo unaofaa maharage, wajua dalili za mvua, wajua kufuma ungo, kutibu ndama na kukataa senti isiyo yako. Na usipojua, sema "Sijui, twende tukamwulize mwalimu." Mtoto aliyemsikia baba yake akikiri hivyo amepata somo ambalo wasomi wengi hawakulipata.

Katika lugha yetu neno ulezi lina maana mbili: ni ile nafaka ndogo iliyowalisha mababu wa nchi hii, tena ni kazi ya kumkuza mtoto. Nafaka ile haikusiwa siku ile ile nyasi zilipofunikwa. Mkulima alitoa nguvu zake msimu huu, akangoja msimu ujao, wala hakulichimbua tuta kila siku kudai mavuno. Wazazi wapenzi, Jumamosi ijayo chukueni saa moja mkaipoteze pamoja na watoto wenu. Jumatatu wapelekeni shuleni mapema, na ng'ombe wapate mchungaji mwingine.