Hofu Mliyoirithi Bila Mipaka Yake

Wajukuu zangu wa Ganze, Kaloleni, Magarini na Rabai, nasema nanyi nikiwa na mvi kichwani, na kwetu Kilifi siku hizi mvi zinatosha kumhukumu mtu. Wazee wanakatwa mapanga usiku majumbani mwao kwa neno moja tu: mtsai, yaani mchawi. Waliosalimika wameacha mashamba walikozaliwa, wakakimbilia Kaya Godoma kutafuta hifadhi. Wako wanaopaka nywele rangi nyeusi ili wasionekane wamezeeka. Babu anamficha mjukuu wake umri! Jambo hili linaniuma kuliko njaa zote nilizoziona.

Mkiulizwa, mnasema mambo ya uchawi mmeyapata kwetu. Kweli, habari za koma, yaani roho za wahenga, za pepo na za utsai mlizisikia kwetu tukiota moto. Lakini kumbukeni tulivyozisimulia.

Tuliwakataza kwenda kisimani jua la utosi, kwamba pepo hutembea saa hiyo. Saa hiyo watu wazima wamejilaza vivulini, na mtoto akitumbukia kisimani hakuna wa kumsikia. Tuliwaambia mbuyu una wenyewe, basi hakuna aliyeukata, na mbuyu ukaendelea kutupa mabuyu mwaka wa kiangazi. Tuliwaambia mkiingia kaya, misitu mitakatifu ya wahenga wetu, mvue viatu, msikate hata fimbo, msitoke na ukuni mmoja. Aliyekiuka alitozwa kuku au mbuzi na wazee wakamtakasa. Nendeni Kaya Kinondo kule Diani au Kaya Fungo mkajionee. Nje kuna mashamba na nyumba, ndani kuna miti ambayo mabibi wa mabibi zetu waliikuta. Hakukuwa na askari wa msitu miaka hiyo. Msitu ulilindwa na hofu ya koma, na ya fingo, dawa ya kinga iliyofukiwa katikati ya kaya, na mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza baadhi ya kaya zetu za Mijikenda katika orodha ya urithi wa dunia. Mimi siwalazimishi kuamini kwamba koma wamo humo. Nataka mjue hofu ile ilipewa kazi.

Tena hofu hiyo ilikuwa na mwenyewe. Mtu akishukiwa utsai, shauri lilifikishwa kwa wazee, mchana, mshukiwa yupo, ndugu zake wapo, naye ana haki ya kujibu. Hapo kililiwa kiraho, kiapo cha kupima ukweli. Viraho vingine vilikuwa vikali, vya shoka la moto, na watu waliumia; sitawapambia kila la kale, na wala sitaki virudi. Ila kijana wa miaka ishirini hakuwa na ruhusa ya kusikia fununu, akachukua panga, akaenda kuhukumu peke yake. Aliyemgusa mzee alihofia laana maisha yake yote. Ninyi mmeitupa hofu ya laana, mkabaki na hofu ya mchawi. Mmechukua nusu ya mambo yetu, nayo ni ile nusu inayoua.

Mmesahau na viapo vyetu viliapiwa nini. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mama wa Kigiriama aliyeongoza kumpinga Mwingereza, aliwaita watu Kaya Fungo. Wanawake wakala kiapo cha mukushekushe, wanaume kiapo cha fisi, kwamba hakuna atakayemlipa Mwingereza kodi wala kumtolea vijana wa kazi. Sikieni vizuri: vijana. Wazee waliziita nguvu zote walizoziamini, za koma na za viapo, ili wana wao wasichukuliwe. Mwingereza aliiogopa kaya ile kiasi cha kuilipua kwa baruti mwaka 1914.

Leo vijana wanawatoa wazee uhai. Na walianza kwa wafu. Kigango, nguzo ya ukumbusho, huchongwa kwa ajili ya mzee aliyefariki wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, na kikishasimikwa hakiguswi, hata boma likihama. Vijana waliving'oa usiku wakaviuza kwa wachuuzi wa vinyago, vikaishia kwenye makumbusho ya Marekani. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa baada ya watu kuvifuatilia miaka mingi. Aliyeuza kigango cha babu yake hakuogopa koma hata kidogo. Basi mtu huyohuyo akija kukwambia anamwogopa sana mzee wa boma la pili, mtazame usoni umwulize anataka nini.

Mara nyingi anataka ardhi. Jambo huanzia matangani. Mtoto amekufa kwa homa, au kijana ameanguka na bodaboda, na mtu mmoja ananong'ona kwamba fulani alisema maneno. Mnong'ono ukizunguka, utamkuta mwenye neno la kwanza ni yule anayegombania mpaka wa shamba, au mwana aliyemwona mnunuzi na baba amekataa kuuza. Vijana wanatafutwa, wanapewa pesa kidogo na pombe. Mzee akishazikwa, shamba linauzwa. Waliotumwa wanabaki na damu mikononi, na wengine na kesi ya mauaji, huku aliyewatuma akijenga nyumba ya mabati mapya.

Sheria nayo iko wazi tangu mwaka 1925: kumtuhumu mtu uchawi ni kosa, isipokuwa umelipeleka lalamiko kwa mwenye mamlaka, kama chifu au polisi. Wachache sana wameambiwa hivyo, na nadhani makanisa yetu na misikiti yetu ingefaa kuisoma sheria hiyo mbele ya watu kila mwaka.

Kwa hiyo, wajukuu, mkiwa matangani na mnong'ono ukaanza, msinyamaze. Ulizeni kwa sauti: hospitali ilisema amekufa na nini? Shamba la huyo anayetajwa limepakana na la nani? Nani alimsikia akisema hayo maneno, na asimame? Mkiona haliishi, wawili watatu wenu mlale kwa mzee huyo usiku ule, na asubuhi mmpeleke kwa chifu mkiwa naye, msimwache aende peke yake. Na mwenye bibi aliye hai amwendee likizo hii na daftari, amwulize habari za kisima, za mbuyu na za kaya, aziandike zote, pamoja na adhabu zake.