Mpangaji, Mbwa Wake na Jirani



Kijana mmoja, mwalimu, alihamishwa kutoka Mpwapwa kuja Dar es Salaam. Alikuja wakati wa likizo kutafuta chumba, na huko Mpwapwa alimwacha mbwa aliyemlea tangu udogo wake. Alizunguka na dalali Magomeni, Ilala na Temeke. Kila alipotaja mbwa, alinyimwa chumba. Akaja kwetu kutaka shauri. Sisi tulimjibu upesi: "Mwache huko huko. Mbwa hujitafutia." Akatii. Baadaye jirani yake wa zamani alimweleza kwamba mbwa yule alilala siku nyingi mlangoni pa chumba kilichofungwa, kisha hakuonekana tena.

Tangu hapo shauri lile latusumbua. Je, mpangaji wa mjini ana wajibu gani kwa mnyama wake?

Tuanze na mwenye nyumba, maana ni rahisi kumlaumu. Nyumba nyingi za mitaa ile zina vyumba kama sita, ukumbi mmoja katikati, na ua mmoja ambako wote hupika na kufua. Mbwa akifungwa uani, amefungwa jikoni mwa watu. Majirani wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambao kwao mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Tena kuna kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikishatokea, karibu kila mgonjwa hufa. Basi anayekataa si lazima awe na roho mbaya.

Lakini mnyama naye hakuachwa bila mtetezi. Mithali, sura ya 12, yahesabu kumjali mnyama kuwa alama ya mwenye haki. Nathani alipotaka kuuamsha moyo wa Daudi, alisimulia habari za maskini na mwana-kondoo wake mmoja, aliyekula pamoja naye na kulala kifuani pake. Daudi alighadhibika, hakusema, "Ni kondoo tu." Na Mungu alipomweleza Yona kwa nini auhurumie mji wa Ninawi, alitaja watu zaidi ya 120,000, na wanyama wengi pia. Kumbe hata wanyama wa mjini wamo katika hesabu yake.

Kosa letu lilikuwa hili: tuliona mzigo, tukamtwika asiyeweza kusema. Wengine hukosa kwa njia ya pili. Humficha mnyama mpaka kodi ya miezi sita imelipwa, kisha huwataka majirani wavumilie. Hao humtwika jirani, tena kwa uongo. Twaona njia ya haki ni moja: gharama ya upendo aibebe yeye apendaye.

Maana yake ni nini? Kwanza, mpangaji ajiulize kabla ya kupokea mtoto wa mbwa: nikihamishwa, nitakwenda naye wapi? Pili, kama anaye tayari, aseme kweli siku ya kwanza, na aonyeshe cheti cha chanjo. Tatu, awe tayari kwenda mbali zaidi, Chanika au Mbagala, akatafute nyumba yenye ua wake peke yake, hata ikimpasa kuamka alfajiri kuwahi daladala. Nne, ikishindikana kabisa, amtafutie mlezi anayemjua, amkabidhi kwa mkono wake mwenyewe, ndipo ahame. Mwenye nyumba naye asikatae kabla ya kusikiliza.

Mtu atasema: watu wenyewe hawana pa kulala, iweje tuhangaikie mbwa? Neno hilo lina uzito. Ambaye watoto wake hawajashiba, heri asifuge. Lakini aliyekwisha kufuga amekwisha kuahidi, na mbwa hajui habari za uhamisho wala kodi. Anajua mlango tu.

Kijana yule hakutulaumu. Siku moja baada ya ibada alitusalimu, "Shikamoo, Mwalimu," kisha akauliza kwa upole: "Ulijuaje kwamba angejitafutia?" Hatukuwa na jibu. Ukweli ni kwamba hatukujua. Tulitaka tu jambo liishe. Bwana atusamehe, na atufundishe kufikiri kabla ya kushauri.