Flashi yako ina virusi

Ingia steshenari yoyote Bukoba mjini ukachapishe barua. Kijana anachomeka flashi, anakunja uso, anatangaza: "Kaka, hii ina virusi!" Walio kwenye foleni wanacheka, nawe unacheka. Anafuta, anachapisha, mmemalizana.

Sasa kwenye sentensi hiyo ondoa flashi, weka mtu. Hakuna atakayecheka. Sauti itashuka, na neno lenyewe litakwepwa: "amekanyaga waya", "ana ngoma", "ana mdudu".

Neno ni lile lile. Kwa Kilatini lilikuwa sumu; sisi tukalivika ngeli ya KI-VI, tukapata kirusi na virusi. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini, watatu, waligunduliwa hapa kwetu Kagera. Mwaka huo huo, Paris, timu ya Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier ilikipata kirusi chenyewe. Na Novemba ya mwaka huo huo, Marekani, mwanafunzi Fred Cohen alionyesha programu inayojinakili ndani ya programu nyingine. Mwalimu wake, Leonard Adleman, akaiita virusi. Huku kwetu neno hilo lilikuwa bado. Watu waliuita ugonjwa Juliana, jina la nguo za fasheni zilizoingia kwa magendo kutoka Uganda. Jina lilikuja na lawama ndani yake: aliyeugua alijitakia.

Vijijini Kaagya, bwana mifugo naye ana virusi vyake. Mdondo wa kuku ni virusi. Kinga ni tone la chanjo jichoni, ukichelewa banda linabaki manyoya. Homa ya nguruwe ni virusi pia, haina tiba. Ikiingia zizini, nguruwe huuawa na kufukiwa. Hakuna anayemsema nguruwe vibaya, lakini hakuna anayempa nafasi.

Tazama vitenzi, basi. Kwenye kompyuta tunafuta. Zizini tunafukia. Ubaya unaanza tunapobeba kitenzi cha zizini tukakileta sebuleni: kumtengea mtu kikombe chake, kuvunja uchumba, kumtafutia sababu aache kazi.

Hospitali ina kitenzi kingine: kufubaza. Dawa za kufubaza virusi hazifuti wala hazifukii. Anayezimeza kila siku hadi virusi visionekane tena kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Kirusi kipo, lakini mwenye nyumba ni mtu.

Wapo wanaosema tubadili neno tu. Tumeshajaribu: VVU, WAVIU. Ni majina ya heshima, sikatai, ila mtu anaweza kutamka WAVIU vizuri kabisa mkutanoni, kisha akirudi nyumbani akatenga kikombe.

Siku nyingine kijana akiitangaza flashi yangu, nitacheka kama kawaida. Lakini nitajiuliza kama kwenye ile foleni hakuna aliyecheka ili tu asijulikane.