Jiko Jipya: Nijenge Mwenyewe au Nimwite Fundi?

Mwenye nyumba wa Msamvu anayetaka kuhama kutoka jiko la mkaa la uani kwenda jiko la ndani anayajua mahesabu haya. Kuna meza ya zege ya kumwaga, taili za kubandika ukutani, sinki na mabomba yake, kabati za mbao, taa na soketi, na mwisho mtungi wa gesi na jiko lake. Vifaa vikishanunuliwa, fedha iliyobaki mara nyingi haitoshi kumlipa fundi. Ndipo linapokuja swali: kwa nini nisifanye mwenyewe? Mikono ninayo, jirani ana toroli na mwiko, na kwenye simu zimejaa video zinazoonyesha kila hatua.

Huenda msomaji akaona swali hili ni dogo mno kuletwa mbele za Mungu. Tumezoea kumwomba hekima tunapooa, tunapougua, au tunapotafuta kazi. Lakini sehemu kubwa ya maisha ya imani hupita katika maamuzi ya shilingi elfu hamsini. Na swali hili litazidi kutujia. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati hiyo. Sisi tunaoishi chini ya milima ya Uluguru tuna sababu ya kulifurahia lengo hilo, maana misitu ile ndiyo inayotunza vyanzo vya maji yanayoingia mto Ruvu na kunywewa hadi Dar es Salaam. Vifua vya mama zetu navyo vimekula moshi wa kutosha. Basi jiko jipya ni jambo jema. Tunachouliza ni namna ya kulipata kwa haki.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Hata hivyo Maandiko hayamkatazi mtu kufanya kazi ambayo si fani yake. Nehemia sura ya tatu inaorodhesha watu waliojenga upya ukuta wa Yerusalemu, na ndani ya orodha hiyo wamo wafua dhahabu na watengenezaji wa manukato. Wengine walijenga kipande kilichoelekea nyumba zao wenyewe. Mtume Paulo alishona mahema kule Korintho (Mdo. 18:3), na aliwahimiza Wathesalonike wafanye kazi kwa mikono yao (1 The. 4:11). Hata kwetu, kabla na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 kulifanya neno kujitegemea kuwa la kila siku, makanisa mengi yalisimama kwa sababu waumini walifyatua matofali na kubeba mawe kichwani. Baba anayebandika taili huku mwanawe akimshikia pima maji anampa mtoto urithi ambao hauibiwi. Asiseme mtu kwamba kujifanyia kazi ni ubahili.

Lakini iko hoja moja inayosemwa sana na inayohitaji kupimwa. Mwenye nyumba husema, "Nyumba ni yangu, fedha ni yangu, nikikosea, hasara ni yangu mwenyewe." Inasikika kama hoja ya mtu anayewajibika. Tuulize basi: nani atasimama jikoni?

Katika nyumba zetu nyingi, anayeamua jinsi jiko litakavyojengwa siye anayepika ndani yake. Baba hupunguza gharama, kisha asubuhi anapanda daladala kwenda kazini. Anayebaki na kiberiti mkononi ni mama, au binti, au dada wa kazi ambaye hakuulizwa neno. Mtoto mchanga anatambaa sakafuni. Aliyeokoa fedha ni mtu mmoja, na aliyebebeshwa hatari ni mwingine. Hapo ule usemi wa "hasara ni yangu" unaacha kuwa kweli.

Chukua mfano wa gesi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu na kutokea dirishani. Inatambaa chini, inajikusanya kwenye kona, na kusubiri cheche. Kabati zuri lililozibwa pande zote, ambalo mwenye nyumba amelitengeneza kwa fahari ili kuuficha mtungi, linaweza kuwa chombo cha kuikusanyia kama halikuachwa matundu ya hewa chini. Maungio ya mpira na regulata hupimwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa moto. Anayeyajua haya hahitaji muda mrefu kuyatekeleza. Asiyeyajua hawezi kujua kwamba hayajui, na ukuta wake wa taili utang'aa vilevile.

Torati ina amri moja fupi kuhusu ujenzi. Mtu akijenga nyumba mpya, aweke ukingo juu ya dari, asije akaleta damu juu ya nyumba yake endapo mtu ataanguka (Kum. 22:8). Tuangalie amri hii inamtazama nani. Haikutolewa kwa ajili ya usalama wa mwenye nyumba peke yake. Inamtazama yeyote atakayepanda pale juu, hata mgeni wa siku moja, na inamdai mjenzi amfikirie kabla hajaja. Kwa Mungu, nyumba ni mali yangu, lakini usalama wa walio ndani yake si mali yangu niupunguzie bei.

Daudi alilielewa hili siku alipotamani maji ya kisima cha Bethlehemu. Mashujaa watatu walipenya kambi ya Wafilisti wakamletea, naye akakataa kuyanywa, akayamimina mbele za Bwana, kwa sababu aliyaona kuwa kama damu ya watu waliohatarisha maisha yao (2 Sam. 23:15-17). Maji yalikuwa mazuri, na kiu ilikuwa ya kweli. Kilichomzuia ni bei yake, ambayo ingelipwa na wengine.

Sisi wa Msamvu hatuhitaji kufundishwa kwamba moto hauchagui. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka hapa kwetu, likalipuka, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Hatuwataji marehemu wale ili kuwahukumu. Wengi walikuwa wanahangaikia riziki. Tunawakumbuka kwa machozi, na tunakumbuka pia kwamba moto haukumwuliza mtu kama alikuja kuchota au alikuwa anapita tu. Mji uliozika watu wengi kiasi hicho una wajibu wa kuwa mwangalifu zaidi ya wengine juu ya kila moto unaowashwa nyumbani.

Kwa hiyo kipimo ninachopendekeza ni hiki: kazi ambayo ikiharibika hasara yake inanirudia mimi, ninaweza kuifanya. Kazi ambayo ikiharibika atakayeumia ni mwingine, niiache kwa anayeijua. Taili zikikaa upande, nitazing'oa nirudie. Rangi ikichuruzika, nitaipiga msasa. Kuchimba mtaro wa bomba, kubomoa ukuta wa zamani usiobeba kitu, kukwangua mbao, kuchekecha mchanga, hizo ni kazi za jasho langu. Umeme si hivyo. Hata sheria inataka ufungwe na mtu mwenye leseni ya EWURA. Gesi si hivyo. Meza ya zege yenye uzito wa mtu na zaidi, ambayo mtoto atakaa chini yake kuchezea sufuria, nayo si hivyo.

Wapo watakaosema, "Lakini mafundi wetu tunawajua. Anachukua malipo ya awali, anapotea. Ukimpata, saruji imepungua mifuko miwili." Malalamiko haya yana ukweli, na imani haitudai tuwe wajinga. Tununue vifaa wenyewe, tuandikiane makubaliano hata kwenye karatasi ya daftari, tulipe kwa hatua kadiri kazi inavyokamilika. Lakini tujichunguze pia. Ni mara ngapi tumempunguzia kijana bei hadi akakubali kwa sababu ya njaa, kisha tukashangaa kazi imelipuliwa? Torati inaagiza kibarua alipwe kabla jua halijatua (Kum. 24:15), na Yakobo anasema ujira uliozuiliwa unalia mbele za Bwana (Yak. 5:4). Hapa hapa Kihonda kuna chuo cha VETA, na wapo vijana waliojifunza kwa jasho mitaani ambao ujuzi wao ni wa kweli. Si lazima kila kazi tuwape wao. Ile tunayowapa, tuwalipe kama watu wenye familia.

Iko pia njia ya katikati, nayo ni ngumu kwa watu wenye vyeo. Mwenye nyumba anaweza kumwita fundi kwa kazi za hatari, na yeye mwenyewe akawa saidia fundi. Anapunguza gharama na anajifunza. Lakini itambidi akoroge saruji kwa amri ya kijana wa miaka ishirini na miwili, na akiambiwa "mzee, hapo umezidisha maji," akubali. Pengine mafundisho mengi ya unyenyekevu hayatufikii kwa sababu hatukubali kushika koleo.

Na ambaye hana kabisa fedha ya fundi? Bwana Yesu alizungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama (Lk. 14:28). Kuhesabu ni pamoja na kukubali kungoja. Mwaka huu meza na sinki, mwakani gesi. Jiko banifu la udongo uani, lenye bomba la kutolea moshi, lina heshima kuliko mtungi uliofungwa kwa kubahatisha. Na hapa jumuiya zetu ndogo zina kazi. Tunachangiana harusi kwa mamilioni; hatuwezi kushindwa kumchangia mjane ujira wa fundi wa siku moja, au fundi aliye miongoni mwetu kutoa Jumamosi yake moja.

Mpendwa msomaji, kabla hujanunua mfuko wa kwanza wa saruji, mwite yule atakayepika. Asimame mahali jiko litakapokuwa. Mwulize meza ifike wapi mkononi mwake, mtungi ukae wapi, na jambo gani linamtia hofu. Kisha omba, ukiwa umeshamsikiliza yeye.